Kamba Mbili za Mfarishi

Sarauni, 6 Desemba

Mwanangu Sulekha,

Hujambo huko Delhi? Unakula? Sisi wazima, ila kifua changu kinabana na mbuzi anachechemea. Barua yako nimeisoma polepole, nimeimaliza.

Huyo mzee Jhagru anayekataa kulala kwenye nyumba yenu ya kulaza wasio na makao, usimwite mkaidi. Marehemu baba yako naye aliendesha riksho huko huko, akibeba abiria kwa kukanyaga pedali. Alilala juu yake, mguu kaufunga kwenye gurudumu kwa kitambaa, isiibwe. Muulize mzee riksho yake italala wapi.

Na vaa soksi.

Mama yako

Delhi, 15 Desemba

Mama, naigusa miguu yako.

Kifua kimepoa? Nimevaa soksi, jozi mbili. Nimemuuliza, akacheka: “Binti, riksho ndiyo mke wangu. Mimi nilale ndani, yeye mumlaze barabarani?” Msimamizi wetu hataki riksho uani, anasema italeta uchafu. Lakini nitambembeleza babu mpaka aingie. Baridi hii itamuua.

Mwanao Sulekha

Sarauni, 22 Desemba

Mwanangu,

Kifua hivyo hivyo, usijali. Wa kubembelezwa ni msimamizi, babu mwache. Nimeshona mfarishi mzito wa kujifunika, wa sari zangu kuukuu, pembeni nimetia kamba mbili: moja ya mguu, moja ya gurudumu. Dereva wa basi atakuletea Ijumaa. Ungoje.

Mama yako

Delhi, 9 Januari

Mama, naigusa miguu yako. Nisamehe kwa kukaa kimya.

Mfarishi ulifika Ijumaa. Jhagru nilimwingiza Jumatano, siku mbili kabla. Nilimwambia, “Babu, riksho nitakuangalizia.” Akaoga maji ya moto, akala, akalala. Asubuhi riksho haipo. Hakunigombeza. Aliuliza tu, “Binti, ulisinzia?” Akatoka kuitafuta, na hakurudi tena kwetu.

Siku ya tatu walimkuta ukutani pa soko, amekufa kwa baridi. Mguuni alikuwa amefunga kitambaa, Mama. Ncha ya pili haikuwa na kitu.

Sulekha

Sarauni, 20 Januari

Mwanangu,

Umekula leo? Nimelia, kisha nikaenda kumkamua mbuzi. Sitakwambia huna kosa, utajua nakudanganya. Ulimtakia joto. Yeye alitaka joto na riksho yake.

Msimamizi msomee habari ya kile kitambaa. Msomee polepole, asikukatize, halafu muombe riksho zilale uani.

Mfarishi usiurudishe wala kamba usizikate. Mpe mwenye riksho mwingine. Muulize kwanza anataka kulala wapi, na ukae umsikilize mpaka amalize.

Mama yako