K Ni Nane

Baba Nyawira,

Habari za huko Karen? Na huyo anayekupikia siku hizi, hajambo? Sisi Kangemi tuko, paa bado linavuja.

Nyawira alikupigia simu umsaidie hesabu ya shule: kutafuta namba k, ili mistari miwili iwe sambamba. Wewe, injinia mzima, ukazidisha miteremko ya mistari hiyo ipate hasi moja! Hiyo ni ya mistari inayokatana kwa pembe mraba. Ya sambamba, miteremko hulingana, basi. Ukamwambia k ni nusu. Akabishana na mwalimu darasani: "Baba yangu ni injinia!" Wenzake wakamcheka.

Jana alirudia mwenyewe, akapata nane. Kisha akaniuliza: "Mum, na ile ahadi yake ya kurudi Krismasi, pia alikuwa anabahatisha?"

Mjibu wewe. Mimi nimechoka kukusahihisha.

Mama Nyawira