Meno Yako, Susu

Susu,

Naanza na hasira, bibi yangu, kwa sababu wewe mwenyewe hukupenda mtu azungukezunguke kabla ya kusema kilichomleta. Umeniacha pabaya. Kila mteja anayeingia studio yangu hapa Kabati ananyooshea kidole picha yako ukutani na kusema, "Nitengeneze kama huyo bibi." Wanataka ngozi laini kama yako. Wanataka meno kama yako. Mimi natabasamu, nawasha taa, na moyoni nataka kupiga kelele, kwa sababu yale meno si yako.

Ndiyo, nina studio. Ni chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la mbegu, chenye shuka la buluu la picha za pasipoti na stuli inayoyumba. Ungeingia ungeuliza kwa nini sijafagia. Lakini jina langu liko juu ya mlango. Wale waliokuwa wakinicheka nikipanda ule mwamba nyuma ya boma kutafuta mtandao, eti msichana anajifundisha kazi kwa simu, sasa wananiita kwa harusi zao na wanataka niwapige bure kwa kuwa sisi ni majirani. Wananichosha.

Wewe ndiye uliyetoa mbuzi. Ulimfungua mwenyewe yule mweupe, ukamkabidhi yule mtu wa Kitui, akaniachia kamera yake ya mtumba. Sharti lako lilikuwa moja: nikishaijua kazi, nikupige picha yako nzuri, ya kubaki. Moja tu, Susu. Nikakupiga mamia. Ukipepeta ndengu, ukifukuza kuku, ukisinzia mlangoni. Mwanga wa asubuhi nilijifunzia usoni mwako. Na hata siku moja hukukaa sawa! Nikisema tulia, unageuka kuita mbuzi. Nikisema cheka, unakaza uso kama uko mbele ya chifu. Uliniudhi sana.

Halafu siku moja ukakubali. Ulivaa kitambaa chako cheupe cha kanisa, ukakaa mlangoni, ukafungua mdomo kidogo, yakaonekana meno yako ya mbele yaliyochongwa ncha. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimejifunza kwenye video namna ya kusafisha uso kwa kompyuta. Basi nikasafisha. Nikafuta mikunjo, nikafuta kovu la kuungua juu ya jicho, na meno nikayajaza mpaka yakawa sawasawa, meupe, kama ya msichana wa tangazo la dawa ya meno. Nilidhani nakusaidia. Nilijua vijana kanisani walikuwa wakikuangalia mdomo, na Mjomba Mutua, mwanao wa kumzaa, alipenda kusema hayo ni mambo ya zamani.

Nikakuletea picha nyumbani kwako Kanyangi ikiwa kwenye fremu. Uliishika mbali, ukaisogeza karibu, ukaishika mbali tena.

"Mwende, meno yangu umeyapeleka wapi?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Ukanisimulia upya, kana kwamba sijawahi kusikia, jinsi ulivyokaa mbele ya fundi na patasi yake mkiwa wasichana, rafiki yako Syombua amekushika mkono, kisha wewe ukamshika wake, na hakuna aliyelia. Ukaniambia nirudi nikupige nyingine. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na harusi Kibwezi, halafu mahafali, halafu harusi nyingine. Na ile picha yenyewe, kabla ya kuchezewa, nilikuwa nimeshaifuta kwenye kadi pamoja na zile nyingine zote ili nipate nafasi. Hilo sikukuambia.

Kisha asubuhi moja hukuamka, na mimi bado nilikuwa nakupangia siku.

Mazishini picha ile ilikaa juu ya jeneza na kwenye kila kijitabu cha ibada. Mjomba alinishika bega mbele ya watu akasema, "Hapo sasa umefanya kazi ya profesheno." Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja miaka. Nilikigeuza kijitabu changu, picha ikatazama chini. Watu walianza kuchukua namba yangu kabla udongo haujasawazishwa, na hivyo ndivyo studio ilivyopatikana.

Niliwasumbua jamaa wote watafute kwenye simu zao. Wana picha za keki. Mwishowe Shangazi Nduku, huko Kibwezi kwenye shamba lake la nyanya, akanirudishia moja niliyomtumia zamani ili tucheke: kuku ameruka juu ya stendi yangu ya vijiti, kamera imetikisika, na wewe unacheka mdomo wazi. Ina ukungu. Imelala upande. Nusu yake ni mkia wa kuku. Niliichapisha ndogo nikaibandika nyuma ya mlango, mahali ambapo mteja hawezi kuiona. Niliionea aibu, Susu, nasema ukweli.

Juzi aliingia Syombua. Yule yule, na fimbo yake, anataka picha za pasipoti za kupeleka benki. Alisimama mbele ya ile picha yako kubwa, akaitazama vizuri, akaniuliza huyo mama ni wa boma gani. Nikafunga mlango ili upepo usitikise shuka, na hapo akaiona ile ndogo. Alienda karibu kabisa, akaweka kidole kwenye mdomo wako.

"Kalondu," alikuita kwa jina lako. "Kumbe uko hapa."

Akakaa kwenye stuli, akakaza uso kama wewe. Kabla sijabonyeza akafungua mdomo kunionyesha. Yamebaki mawili, yana ncha. "Na haya yangu usiguse."

Sikuyagusa. Alipoondoka nilikaa kwenye stuli yake nikalia mpaka kinyozi akabisha kuuliza kama kuna shida.

Nimeiteremsha ile ya ukutani. Mjomba amepiga simu mara tatu, anasema naiua biashara kwa mkono wangu mwenyewe, na huenda ni kweli: leo mama mmoja ametafuta ukutani yule bibi wa meno meupe, hakumwona, akaenda zake. Ile ya kuku nimeikuza. Imezidi ukungu. Iko palepale ukutani ilipokuwa ile, na anayetaka kucheka acheke.

Pumzika, Susu, ingawa ungekaa sawa hata dakika moja haya yote yasingetokea. Nakuahidi kwamba anayekaa kwenye stuli yangu ataondoka na uso aliokuja nao, hata kama nitabaki na wateja wawili. Na Jumapili nakuja Kanyangi kuitoa ile fremu sebuleni kwako, niweke ya kuku mahali pake. Nakurudishia meno yako.

Mjukuu wako,
Mwende