Yule wa Kati Kwenye Picha

Mikumi, 2 Machi 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Huku wazima, shaka ni kwa kitukuu chako tu. Jina lake la ubatizo sikukwambia, nilitaka liwe zawadi: tumempa la Babu, Herman. Sasa tangu abatizwe anapungua. Kliniki hawaoni ugonjwa. Nikimwita hanigeukii mimi, anageukia mlangoni na kutulia, kama anayempisha mwingine aitike.

Mume wangu Gerald anacheka, anasema mtoto hajamjua somo wake. Naomba ile picha ya Babu ya jeshini nimwonyeshe, labda atazoea.

Mjukuu wako,
Anitha

Chanzuru, 9 Machi

Mjukuu wangu Anitha,

Marahaba. Miguu ni ile ile. Jina hilo ungeniuliza kwanza. Kwetu mtoto hapewi jina la marehemu kabla msiba wake haujaondolewa na watu kunyolewa. Akipewa mapema, wanaitika wawili.

Babu yako alikwenda vitani Uganda, wakaniletea kidumu chake cha maji tu. Wazee walitaka tunyoe. Nikawaambia sinyoi nywele kwa ajili ya kidumu, mume wangu yuko njiani.

Picha hiyo hapo, nimempa Mwinshehe, kondakta wa basi. Walipiga stesheni ya Kilosa siku wanaondoka. Yule wa kati ndiye, amegeukia behewa. Miaka yote naliona sikio lake tu.

Bibi yako,
Bibiana

Mikumi, 16 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Picha imefika salama, ahsante. Labda unazo mbili ukanitumia nyingine, maana huyu wa kati anatutazama. Babu alikuwa kijana mzuri, Bibi. Ana mwanya, na koti la jeshi linampwaya mabegani.

Naiegemeza kabatini, nikitoka jikoni naikuta iko chini, na Herman amekaa mbele yake kimya kama aliyeambiwa asubiri. Tangu juzi amekataa ziwa. Gerald hacheki tena. Jana mchana kweupe nilimwita mwanangu, na mtu mzima akaitika, "Naam."

Nisaidie Bibi. Ni huyu mmoja tu niliye naye.

Mjukuu wako,
Anitha

Chanzuru, 18 Machi

Anitha mwanangu,

Salamu baadaye. Picha ninayo hiyo moja tu, na habari ya mwanya sijawahi kukutajia.

Ifunike kwa kanga, mpe Mwinshehe airudishe. Mtoto usimwite kwa jina lolote mpaka Jumamosi ipite. Nimezungumza na shemeji yangu Makarius. Siku hiyo tunanyoa, na kidumu tunakizika badala ya mwili. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba mtoto hawezi kungoja mpaka mimi nichoke kumngoja babu yake.

Bibi yako,
Bibiana

Mikumi, 24 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo, na pole sana kwa msiba. Juzi Jumamosi mchana Herman alilia njaa ghafla, akanyonya mpaka nikaumia. Leo nikajipa moyo, nikamwita. Kanigeukia mimi, Bibi, kacheka. Mlangoni hata hakuangalia.

Pasaka tunakuja umbebe. Nilikuwa nauliza tu, Babu sasa amekwenda wapi?

Mjukuu wako,
Mama Herman

Chanzuru, 27 Machi

Mama Herman,

Marahaba. Mungu ashukuriwe kwa kunyonya kwake. Mwite sana, jina sasa ni lake.

Umeuliza babu yako amekwenda wapi. Tangu tukifukie kidumu, kila mchana kuna mtu anapiga hodi kwangu. Makarius alikuja kukaa nami, akaisikia, akaniambia nisiitike. Picha nimeitoa kwenye kanga, naona wawili tu wamesimama, na katikati yao behewa. Mwinshehe anaapa hakuifungua.

Usiogope, mimi siogopi. Nimechota maji ya kuoga, nimefagia mpaka njiani. Leo akipiga hodi nitamkaribisha.

Mkija Pasaka mkakuta mlango uko wazi na sipo, msihangaike kunitafuta. Ingieni, mpikie mtoto uji, mkae mle.

Bibi yako,
Bibiana