Mafua ya Wanjiru na Ugeni wa Mama wa Katito

Kwako Atieno, Mama Wanjiru,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Obunga. Mama yangu anaendeleaje na mguu? Tangu uliponiandikia kwamba sasa anaweza kukaa kitandani bila kushikiliwa, nimewasimulia wateja wote wa duka. Na wewe, baridi ya Nyeri umeizoea? Vaa ile sweta yangu nzito, mwulize Mama ilipo.

Sisi ni wazima. Nakuambia hivyo kwanza usije ukashtuka, maana Wanjiru alikuwa mgonjwa, na sikutaka uipate habari hiyo kwa mdomo wa mtu mwingine.

Yalianza kama mafua baada ya mvua kubwa. Pua iliziba kabisa, akawa analia kila akijaribu kunywa maziwa. Nilifunga duka nikampeleka zahanati. Dresa, yule mhudumu wa pale, akamsikiliza kifua, akasema, "Ni mafua tu, Bwana. Mtunze nyumbani. Lakini ukiona anahema mbio au anakataa kunywa, mrudishe hapa mara moja."

Jirani yetu fundi baiskeli alinihimiza nimpake mafuta ya taa kifuani. Nilikataa. Nilifanya vile nilivyokuona wewe ukifanya. Nilichemsha maji, nikatia chumvi kidogo, nikangoja yapoe, nikamdondoshea puani kwa pamba safi, kisha nikampangusa kamasi polepole. Alinipiga mateke, Atieno! Lakini alipomaliza kulia alivuta pumzi vizuri, akanywa maziwa yote. Na kwa kuwa ameshapita mwaka, nilimpa pia maji ya uvuguvugu yenye ndimu na asali kwa kijiko. Mama Akinyi muuza samaki alituletea supu ya samaki ngege isiyo na pilipili.

Shida ilikuwa kumlaza. Akilala chali anakohoa. Basi nikachukua leso yako nikambeba mgongoni. Watu wa mtaa walicheka mpaka wakachoka.

Hivyo ndivyo mama yako alivyonikuta asubuhi moja, mtoto mgongoni, ninakoroga uji hapo nje. Nilitamani kujificha! Unajua tangu tuoane hajawahi kuniambia neno zaidi ya salamu. Na kwa desturi yenu hakutaka kuingia kwa mkwe, kwa hiyo nilimtolea kigoda akakaa kivulini.

"Nimesikia huko Katito mtoto anaumwa na hapa hakuna mwanamke," akasema. "Nimekuja kuchukua mtoto."

Nikamjibu, "Mama, karibu. Siwezi kubishana na wewe. Lakini ngoja kwanza anywe uji."

Akanitazama. Nikamfungua Wanjiru, nikamsafisha pua na yale maji ya chumvi, nikamnywesha uji mwembamba kidogo kidogo. Alipiga chafya, kamasi zote zikaishia kwenye shati langu. Bibi yake akanyoosha mikono ampokee, lakini Wanjiru akanishika shingo, akalala begani kwangu.

"Nani alikufundisha hii?" akauliza.

"Binti yako, Mama."

Akageuza uso upande wa barabara. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nasema huyu mtu anajua duka peke yake."

Hakuondoka upesi. Alimwangalia mtoto akiamka, akinywa tena, akicheka. Halafu akasimama, akatoa kitambaa kipya alicholeta kumbebea, akamfunika nacho.

"Wacha hii ibaki," akasema. "Mtoto iko na baba yake."

Alipofika bombani, nilimsikia akiwaambia akina mama waliopanga foleni, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa, "Huyo ni mkwe wangu!" Atieno, siku hiyo nilifungua duka nikitembea kama chifu.

Kikohozi kimeisha. Wanjiru anafukuza kuku wa watu kama zamani.

Kwa hiyo usiharakishe kurudi. Mtunze Mama mpaka atembee mwenyewe. Mimi na mtoto tunajiweza.

Nisalimie dada yangu mkubwa anayekusaidia kuchota maji, baba mdogo mwenye ng'ombe, na yule mzee wa kanisa anayekuja kumwombea Mama. Na Mama mwambie kwamba huyu mjukuu aliyepewa jina lake ana nguvu kama yeye.

Ni mimi mume wako anayekukumbuka,
Kariuki, Baba Wanjiru