Nimezificha Dawa za Mwanangu Kwenye Sanduku la Unga

Mshauri wetu Robiya, asalamu aleikum, naomba unisikilize kwa sababu hapa Margilan sina wa kumwambia, mimi ni mtu mzima, naswali, nafunga, shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo nikiandika vibaya unisamehe na uyasome hivyo hivyo redioni.

Mwanangu Zokir ana kifafa tangu ndevu zilipoanza kumwota, sasa ana mke, na ni mwokaji mikate kama marehemu baba yake, ila yeye hukanda tu na kuigonga mikate mihuri ya nakshi, kuinama tanurini daktari alimkataza, kazi hiyo huifanya kaka yake. Kwa miaka alimeza kidonge cha aina moja na bado akawa anaanguka, mpaka mwanzo wa mwaka daktari akamwongezea cha pili, akasema hiki hakiondoi kile cha zamani, vinasaidiana, na wallahi tangu hapo hajaanguka, nikachinja kondoo wa shukrani. Lakini mshauri, mtoto wangu mpole, aliyekuwa akimpisha hata paka mlangoni, amegeuka, anafoka chai ikipoa, anamkaripia mkewe kisha analia mwenyewe, na juzi mzee Hoshim, jirani yetu, akamtania, "Zokirjon, mkate huu umeungua kama uso wangu," Zokir akaunyakua ule mkate, akautupa chini, akaukanyaga kwa kiatu. Mkate. Mbele za watu. Sisi hata kuulaza kifudifudi hatuulazi, chembe ikidondoka tunaiokota tunaibusu, na mzee Hoshim akainama mbele ya wateja akauokota, akaufuta kwa joho lake, akaubusu, akasema taratibu, "Mwanangu, mimi njaa ninaijua. Hili sijawahi kuliona."

Mkewe Mukaddas akaniambia, "Mama, si jini huyu, ni kile kidonge kipya, turudi kwa daktari," nami nikamjibu we mtoto wa juzi unajua nini, kwa sababu wifi yangu Tursunoy alishanijaza maneno kwamba ameingiwa na jini, eti mwanangu niliwapa hospitalini akiwa kondoo wakanirudishia mbwa mwitu, na akanipeleka kwa mama mmoja anayesomea watu, naye akasema Ijumaa atamsomea ila mwili uwe safi, kisiwemo kidonge chochote, cha zamani wala kipya. Basi nikazichukua dawa zote nikazifukia kwenye sanduku la unga, nikamwambia mwanangu duka la dawa limeishiwa, mimi ninayeswali. Asubuhi hii tukinywa chai mkono ukamruka, piyala, bakuli la chai, ikaanguka, akaniangalia akasema, "Mama, kinarudi. Nikishikwa na zile hasira najiona kama mtu mwingine, kuna siku naona heri nisingekuwepo, lakini kuanguka tena siwezi."

Ijumaa ni keshokutwa. Nivumilie mpaka asomewe, au nimrudishie zote, au ile ya zamani peke yake? Ni mimi, Inobat.

*

Dada Inobat, ujumbe wako umenifikia sasa hivi, mtangazaji alitaka tuanze na wimbo, nimemwambia wimbo ungoje.

Mkate umenishtua, sikufichi. Unga umenishtua mara mbili. Mwenye kifafa akikatiziwa dawa ghafla, kifafa hurudi kwa kishindo, kinaweza kumshika mfululizo bila kumwachia pumzi, na watu hufa hivyo. Ule mkono ulioruka unaweza kuwa ndiyo hodi yenyewe. Ijumaa ni mbali mno.

Sasa hizo hasira. Baadhi ya dawa hizi za kuongezea huzuia kuanguka vizuri sana, na kwa watu wengine hapo hapo huchokoza ghadhabu na huzuni. Madaktari wanalijua. Mkweo alilihisi, kwa sababu yeye ndiye anayelala naye chumba kimoja, ukamwita mtoto wa juzi. Muombe radhi. Daktari anaweza kuipunguza dawa hiyo mpya kidogo kidogo au kumtafutia nyingine. Kazi hiyo si yako, wala si ya Tursunoy mwenye mbwa mwitu wake.

Umeniuliza urudishe ipi. Usichague wewe. Zitoe zote, mpigie daktari sasa hivi, mwambie amekosa dawa tangu lini na mkono umeruka, uulize aanze vipi, maana zipo zinazorudishwa polepole. Daktari asiposhika simu, mchukue Zokir na dawa zake mwende hospitali ya dharura. Akianguka njiani mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni wala usimnusishe kiatu, na kifafa kikizidi dakika tano ita gari la wagonjwa.

Na kuna neno umelipitisha katikati ya chai kama la kawaida. Mwanao amesema heri asingekuwepo. Dada, hilo peke yake lingekutoa nyumbani bila viatu. Usimwache peke yake leo. Muulize wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani, kunamfungulia mdomo. Kisha umwambie daktari kwa maneno yale yale aliyoyatumia.

Dua muombee, asubuhi na jioni, nami namuombea. Mungu anasikia dua ya mtu aliyemeza kidonge.

Zokir atakuuliza dawa zilikuwa wapi. Mwambie ulizificha wewe, na uliogopa. Usimsingizie muuza dawa tena. Akikufokea, nyamaza umsikilize, leo ana haki yake.

Sasa zima redio, uende.