Kipande cha Katikati

Pioneer, Eldoret
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Ndugu yangu Kipyego,

Natumaini barua hii inakukuta wewe, Vivian na mtoto mkiwa na afya huko Narok. Mimi mwili uko sawa. Mama bado anasumbuliwa na magoti lakini anakamua ng'ombe mwenyewe, hataki kusaidiwa. Baba yuko, amekonda kidogo. Nimemwomba Okello akuletee barua hii mkononi kwa sababu lori lake linakuja huko kuchukua ngano, na kwa sababu simu zangu hupokei. Sikulaumu. Ningekuwa wewe pia nisingepokea.

Nina mambo ya kukueleza na sijui nianzie wapi, kwa hivyo nitayaandika jinsi yalivyotokea.

Unajua nafanya kazi kwenye maabara. Mkubwa wetu, Daktari Shitanda, anatafiti vumbi la jangwani. Anasema miaka ya ukame upepo huokota vumbi jekundu kule kaskazini, hulileta hadi huku kwetu, na likianguka kwenye kinamasi linafunikwa na tope la miaka inayofuata. Ukishindilia paipu kwenye hilo tope na kulitoa bila kulivuruga, unaisoma miaka kutoka juu kwenda chini. Anataka kujua kama ukame wa siku hizi ni ule ule ambao babu zetu waliujua, ama hali ya hewa imegeuka kabisa.

Mwezi wa tatu alikuwa anatafuta kinamasi kilichokauka. Nikamwambia nakijua kimoja. Ni chetu, pale chini ya boma.

Sikumwambia kwa nini nilikitaja. Sikumwambia kwamba miaka sita iliyopita wewe ulichoma matete pale na kuchimba mtaro upande kabeji, na kwamba baba alisimama mbele ya wazee akasema mtu aliyeua maji ya baba zake hawezi kulala kwake. Nilitaka tope liseme lenyewe.

Daktari na watu wake walipokuja na mapaipu yao, baba alileta kiti akakaa kando akiwaangalia siku nzima. Jioni aliniuliza wanatafuta nini. Nikasema vumbi. Akaniuliza kama vumbi limekuwa haba Uasin Gishu hata lichimbwe.

Mwezi wa nane Daktari aliniita mezani kwake. Alinionyesha mstari mweusi ndani ya tope, mwembamba kama wa penseli. Hayo ni majivu ya matete, alisema, mtu alichoma hapa.  Kisha akanionyesha, chini ya mstari huo, utepe mwekundu mpana kama ukucha wa kidole gumba. Vumbi la jangwani. Likiwa chini, alisema, limetangulia. Kinamasi kilikuwa kikavu, kikimezwa na vumbi, kabla mtu huyo hajawasha kiberiti. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Alisema majibu ya umri wa tope bado hayajarudi kutoka ng'ambo, lakini mpangilio ndio huo.

Sikungoja hayo majibu. Jumamosi ya wiki ileile nilienda nyumbani. Nilimkuta baba akipukuchua mahindi, nikamweleza yote. Akaniuliza, "Kwa hivyo kilikuwa kimeshakufa?"

Nikasema ndiyo, baba.

Aliendelea kupukuchua mpaka karai likajaa. Ndipo akasema, "Mwambie arudi. Aje na mtoto, nimwone."

Mama aliingia jikoni na hakutoka mpaka tulipomfuata.

Huo ndio ujumbe niliotumwa, na umekaa kwangu wiki saba. Kama ningekuwa na dhamiri nyepesi, barua hii ingeishia hapa.

Kipyego, lile tope nililiangusha. Ilikuwa mwezi wa tano. Nilikuwa nimeshalitoa kwenye paipu na kuliweka kwenye trei. Cate, mwenzangu wa kazi, aliniita kutoka mlangoni, nikageuka, kiwiko kikagonga trei. Lilivunjika vipande vitatu sakafuni. Cha juu nilikijua kwa mizizi. Cha chini nilikijua kwa changarawe. Cha katikati, kile chenye mstari mweusi na utepe mwekundu, kilikuwa sawa ncha zote mbili. Mshale wa kuonyesha juu ulikuwa kwenye paipu, si kwenye tope. Nilikishika mikononi nikakigeuza, nikakigeuza tena, kisha nikakiweka hivyo kilivyo, na sikumwambia mtu. Nilijiambia nakumbuka. Mpaka leo sijui kama nilikumbuka ama nilichagua. Kikiwa kimepinduka, wekundu uko juu ya majivu, na kinamasi kilikufa baada yako.

Alhamisi iliyopita nilishindwa kuendelea, nikamwambia Daktari. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Alisema tope hilo halifai tena, Januari watarudi kuchimba upya. Mimi ameniondoa mezani, sasa naosha chupa. Lakini alisema jambo lingine ambalo limenivuruga zaidi. Alisema hata wakichimba vizuri, tope litamwambia habari za upepo na mvua, halitamwambia habari za mtu mmoja na jembe lake. Ukame na mtaro vinaweza kukausha pahali pamoja. Nilikuwa nimefikiri sayansi itanipa ndiyo ama hapana.

Baba hajui. Nikimwambia, pengine atafunga mlango aliokwisha kuufungua. Nikinyamaza, utaingia kwake kwa kipande ambacho sijui juu yake ni wapi. Naamka na wazo hili, nalala na lile.

Jana nikifua nguo jambo lilinijia nikakaa chini. Miaka ile sisi tulikuwa tumeshaanza kuteka maji kwenye kisima cha shule. Matete yalikuwa yamesongamana, mabichi kwa nje, hakuna aliyeingia humo ila wewe. Siku ya wazee baba alisema, wazee wakasema, hata mimi nilisema. Wewe hukuulizwa. Nimelipeleka tope maabara, nikangoja miezi, na sijawahi kukuuliza.

Kwa hivyo nakuuliza. Ulipoingia na jembe siku ya kwanza, kulikuwa na maji?

Mpe Okello jibu, atangoja akipakia. Likiwa ndiyo ama hapana, nitampelekea baba kama ulivyolisema, na habari ya trei nitamweleza kwa kinywa changu.

Mama anakusalimu sana, na amemshonea mtoto sweta bila kujua kimo chake. Msalimie Vivian.

Mimi dada yako,
Priscah