Mwandiko Wako kwenye Kompyuta ya Bi. Janice

Chaani, Changamwe
Ijumaa, 14 Machi 2025

Kwa Baba yangu, Mzee Kazungu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu Krismasi. Mama naye namwamkia. Mwambie unga wa muhogo alionifungia umeisha juzi tu. Kwa afya sijambo. Kwa mengine nitakueleza kwa utaratibu, kama ulivyonizoeza.

Ofisi hii ya uwakala wa mizigo ya bandarini unaijua kuliko mimi. Uliketi kwenye masjala yake miaka thelathini ukipokea hati za makontena, na Bi. Janice, aliyekuwa karani mdogo chini yako, leo ndiye meneja. Aliponichukua kwa majaribio ya miezi sita alisema wazi kwamba nafasi ya kudumu ni moja, nami nitaigombea na Mercyline, mwenzangu wa majaribio.

Kompyuta yake niliikuta katika hali ambayo usingeivumilia. Faili zilikuwa zimetapakaa kwenye skrini hadi kwenye picha ya wanawe yakabaki kuonekana macho tu. Alikuwa akifungua madirisha ishirini, kisha akiyafunga moja moja kutafuta ankara, huku wateja wakikohoa kwenye benchi. Nikampangia. Kila mteja nilimpa folda yake, ndani yake mwaka, ndani ya mwaka mwezi. Kwa kuwa skana yetu huzipa hati namba tu, niliiagiza kompyuta ionyeshe picha ndogo ya ukurasa wa kwanza wa kila hati. Nikaweka vitufe viwili vya kurukia kutoka dirisha hadi dirisha bila kugusa kipanya. Dancun, tarishi wetu, alinicheka akisema napanga faili kama mtu anayepanga viatu vya watu mlangoni mwa msikiti, kisha nangoja kushukuriwa na kila mwenye mguu. Nilimjibu kwa hotuba kuhusu maktaba za kale. Akaniuliza kama maktaba hizo zilikuwa na chai.

Nilijiona nimekwisha kushinda. Nilimwambia hata Mercyline, mbele ya watu, kwamba asijisumbue.

Ijumaa mbili zilizopita Bi. Janice alituita. Nafasi alimpa Mercyline, mimi akaniongezea miezi sita ya majaribio. Nilibishana naye nusu saa nzima. Akasema tu kwamba kazi yangu haina kasoro. Jumatatu ya wiki hii akaniomba, kana kwamba hakuna lililotokea, nimalizie kwenye kompyuta yake folda ya barua zinazoingia.

Baba, sheria ile ni yako. Wewe ndiye uliyeamuru kwamba karatasi yoyote ipitayo mlango huu isajiliwe, hata awe nani aliyeituma, na mpaka leo inafuatwa. Siku hizi Mercyline huipitisha kwenye skana. Nilipowasha picha ndogo zikajipanga ankara, vibali, risiti, na katikati yake ukurasa wenye mistari ulioandikwa kwa mkono. Haukuwa mkubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Lakini ile K yako inayotupa mguu mbele ningeitambua popote.

Bi. Janice aliitwa langoni na dereva wa lori. Nikaifungua barua hiyo. Ulimwandikia kwamba mwanao ni hodari wa mashine lakini hajui kukaa na watu. Kwamba akipewa kazi ya kudumu sasa hataambilika tena. Kwamba, kwa heshima ya miaka mliyofanya kazi pamoja, anizuie hadi nijifunze kusikiliza. Ukamalizia kwa kumsihi nisijue. Niliposikia viatu vya Bi. Janice nikabonyeza vile vitufe viwili, barua ikatoweka, ikaja ankara ya vigae. Akaniuliza kama yote yako sawa. Nikasema yako sawa.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu usaliti, na katika vyote msaliti hutaka kitu. Nilikesha nikitafuta faida yako, ili angalau nikuchukie kwa hoja. Sikuipata.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie. Jumanne, Bi. Janice akiwa bandarini, niliketi kwenye kompyuta yake nikaubomoa mpangilio wangu wote. Nilizitoa hati kwenye folda zake, zaidi ya mia tisa, nikazimwaga mahali pamoja. Nikazima picha, nikaondoa vitufe. Sikufuta hata hati moja. Nilijiambia kwamba nachukua tu kilicho changu. Jumatano mteja wa dawa za hospitali alikosa kibali chake, kontena likabaki bandarini, na lawama zikamwangukia Mercyline, kwani masjala sasa ni yake. Bi. Janice alimfokea mbele ya wateja, akimwambia kwamba kazi ya kudumu imemlevya kabla ya wiki mbili kwisha.  Mercyline alikaa akifungua hati moja baada ya nyingine, jana pia, hatua nne kutoka meza yangu. Na ndiye aliyeipitisha barua yako kwenye skana, Baba. Alijua uliyoandika kunihusu, wala hakuwahi kunitania.

Leo asubuhi nilimweleza Bi. Janice kila kitu. Hakupiga kelele. Aliniambia nizirudishe hati mahali pake, kisha nisije tena Jumatatu. Nilimaliza saa kumi na moja jioni, Mercyline akiwa nyuma yangu akinitajia majina ya wateja. Aliniambia asante. 

Kwa hiyo uliyoyaandika yalikuwa kweli, na nimeyathibitisha kwa mikono yangu. Hapo sibishani nawe. Nabishana nawe hapa: nilikaa chuoni miaka minne bila kupata hata mstari mmoja wa mkono wako, na barua ndefu kuliko zote ulizowahi kuandika kunihusu ulimpelekea mtu mwingine. Krismasi tuliezeka paa la jiko siku mbili, mimi juu, wewe ukinipa misumari. Ungeniambia.

Nisalimie Mama, na dada Nyamvula na wanawe. Habari za kazi usiwape, nitawaambia mwenyewe. Sitakuja nyumbani kabla ya kupata jibu lako. Liandike kwa mkono, na juu yake uweke jina langu.

Mwanao,
Mramba Kazungu